Mgeni wa Siku Moja



Majuma machache yaliyopita, baada ya mafundisho ya Jumamosi, kijana mmoja alinionyesha katika simu yake picha za kisiwa kiitwacho Pitcairn. Kiko katikati ya Bahari ya Pasifiki, katika eneo la Polynesia, na wakazi wake ni watu wachache tu, wengi wao wazao wa mabaharia walioasi katika merikebu Bounty na wanawake wa Tahiti waliofika nao mwaka 1790. Hakina uwanja wa ndege. Meli husimama mbali na pwani, na wenyeji huwafuata wageni kwa mashua katikati ya mawimbi. Kijana yule alitazama mpaka mwisho, akasema: "Mwalimu, ningefika huko siku moja tu, nipige picha, nirudi. Ingetosha."

Sikumjibu siku ile. Namjibu leo, nanyi nyote pamoja naye.

Mimi Polynesia sijafika. Lakini miaka kadhaa iliyopita, baada ya semina ya makatekista huko Bukavu, nilipanda boti kwenda Idjwi, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Kivu, kati ya nchi yetu na Rwanda. Nilikusudia kulala usiku mmoja. Niliona vilima vyenye migomba na kahawa, na usiku taa za wavuvi wa sambaza juu ya maji, mitumbwi yao ikiwa imefungwa pamoja mitatu mitatu kwa miti mirefu. (Sambaza hao si wenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, hivyo wao nami tulikuwa wageni tuliotoka upande mmoja.) Nilipiga picha nyingi za ziwa. Lilikuwa zuri mno.

Mzee aliyenipokea nilimwambia kwa huruma: "Baba, ninyi mnaishi mbali sana." Akaniuliza nimetoka wapi. Nikamweleza habari za Kasongo: pikipiki, matope, miti iliyoanguka njiani, mito tunayoivuka huku pikipiki imelazwa ndani ya mtumbwi, siku zinazopita kabla ya kuona mji. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamwita mkewe: "Mwongezee mgeni chakula. Maskini, anatoka mahali pasipofikika."

Kesho yake injini ya boti ikaharibika. Nilibaki siku nne. Siku ya pili nilichoka na mandhari, nikaanza kusikiliza watu. Siku ya tatu, kama methali isemavyo, nilipewa jembe, nikalima kahawa pamoja na wajukuu wa mzee. Ni katika kulima huko nilipoambiwa juu ya wanaume waliokuwa wakivusha kahawa usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, kwa kuwa bei ya huko ilikuwa bora, na jinsi wengi walivyozama dhoruba ilipowakuta. Mwana mkubwa wa mzee alikuwa mmoja wao. Ziwa nililolipiga picha siku ya kwanza ndilo lililomchukua. Kama injini ingekuwa nzima ningerudi na picha zangu, nikawasimulia juu ya kisiwa chenye amani na uzuri, nanyi mngeniamini.

Sisi wa Kasongo na Kabambare tuna sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili, maana kwetu ndiko walikopita wageni wa namna zote. Mnamjua Livingstone. Simtaji kama mtakatifu. Alikula chakula cha wafanyabiashara wa watumwa na kutibiwa nao. Lakini tazameni. Alikuja kutafuta chanzo cha mto Nile, na vidonda vya miguu vikamlaza Kabambare, aliyoiandika Bambarre, tangu Julai 1870 hadi Februari 1871. Mwishoni mwa Machi akafika Nyangwe, akanyimwa mitumbwi ya kuvukia Lualaba, akabaki tena kwa miezi. Asiye na pa kwenda huenda sokoni. Akawatazama akina mama wakipita na mizigo ya samaki, chumvi na vyungu, wakipatana bei kwa makelele na vicheko, mpaka akawapenda. Basi tarehe 15 Julai 1871, watu wa mfanyabiashara mmoja walipofyatua bunduki katikati ya soko lile, na wengi wakazama mtoni wakikimbia, yeye hakuona umati tu. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Maandishi yake yalifika Uingereza mwaka 1872, yakaongeza nguvu ya madai yaliyofunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873. Msafiri mwenye haraka angeandika mistari miwili, akavuka mto.

Sasa nije kwetu, maana hapa ndipo panaponiuma. Kikundi kimoja cha vijana, ambacho sitakitaja, kilitembelea kijiji cha ndani, upande wa Kabambare. Walipeleka sabuni na chumvi, jambo jema. Kisha mmoja wao akaingia katika jiko la bibi mmoja mzee bila kubisha hodi, akapiga video ya chungu kilichopasuka na paa linalovuja, akaituma kwa watu. Walirudi jioni ileile. Video ikafika Kindu, ikamfikia mjukuu wa yule bibi, mwanafunzi. Kwa wiki nzima hakwenda darasani kwa aibu.

Waliofanya hivyo si watoto wabaya. Walikuwa wageni wa siku moja, nao walimfanya yule bibi kuwa Pitcairn yao. Nami nasema waziwazi: afadhali ziara moja kwa mwaka, ya siku nne, bila simu katika siku mbili za kwanza, kuliko ziara sita za kwenda na kurudi. Najua mtaniambia habari ya gharama na masomo. Basi punguzeni sare na mabango.

Wawili kati yao nilirudi nao kuomba msamaha. Bibi hakusema neno juu ya video. Alitupa karanga za kumenya, tukamenya mpaka giza likaingia, akatuuliza majina ya mama zetu, mmoja mmoja. Tulipoaga asubuhi akawauliza vijana kama watarudi wakati wa kuvuna mpunga, maana mikono haitoshi. Wamekubali. Ni mwezi ujao.