Nidhamu ya vyuma si kuinua mpaka uanguke

Ukipita jioni karibu na uwanja wa mpira utawasikia vijana wakihesabu kwa sauti: thelathini na nane, thelathini na tisa, arobaini! Wanainua vyuma walivyojitengenezea wenyewe, yaani bomba la chuma lenye kopo la mafuta lililojazwa zege kila upande. Mimi pia ni mmoja wao. Siandiki ili kuwakataza. Nataka tuelewane juu ya jambo moja: siku hizi tunamwita mwenye nidhamu yule anayeinua mara nyingi kuliko wenzake, kila siku, mpaka aanguke. Kwa maoni yangu huko si nidhamu. Mwenye nidhamu ni yule anayejua kuacha leo ili keshokutwa aweze kurudi.

Najua kwa nini tunavipenda vyuma. Hapa Nakivale mambo mengi hayako mikononi mwetu. Siku ya mgao tunapangiwa, majibu ya usaili tunayasubiri. Lakini mtu akiinua mara 10 wiki hii na mara 12 wiki ijayo, ameona mwenyewe kwamba amesonga mbele. Hilo ni jambo jema kwa mwili na kwa akili pia. Ndiyo maana inaniuma ninapoona jambo jema linawapeleka vijana wodini.

Mwaka 2023 kijana mmoja jirani yangu, ambaye jina lake silitaji, alirudi kwenye vyuma baada ya kuugua malaria. Hakuwa amefanya mazoezi kwa wiki kadhaa. Wenzake wakamtania, naye akakubali kushindana: seti 10, kila seti mara 20, saa nane mchana, bila maji. Siku ya pili mikono ilivimba akashindwa hata kuvaa shati. Akanunua dawa ya maumivu dukani akalala. Siku ya tatu mkojo wake ulitoka na rangi ya chai kavu. Mama yake ndiye aliyekuja kuniita, maana yeye aliona aibu. Tulimfikisha kituo cha afya, akalazwa na kuwekewa maji kwa siku kadhaa. Tunamshukuru Mungu alipona.

Ni kitu gani kilichompata? Misuli ikilazimishwa ghafla kufanya kazi iliyozidi uwezo wake, nyuzi zake huvunjika na vitu vilivyomo ndani huingia kwenye damu. Damu hupita kwenye figo ili isafishwe, na vitu hivyo vikiwa vingi huziharibu figo. Rangi ile nyeusi ya mkojo ni dalili yake. Hatari huongezeka ukiwa na homa, ukiwa umeishiwa maji, ukifanya mazoezi kwenye jua kali, au ukiwa umepumzika muda mrefu kisha ukaanza kwa kishindo. Pia aliyerithi selimundu, hata kutoka kwa mzazi mmoja tu na hajawahi kuumwa, anahitaji kuwa mwangalifu zaidi. Nazo dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuzidi kuziumiza figo wakati mwili hauna maji ya kutosha. Kwa hiyo usizimeze ili upate kuendelea kuinua.

Wengine watasema: "Mbona wanamichezo wakubwa huinua seti nyingi sana?" Ni kweli, na ni kweli pia kwamba misuli hukua zaidi seti zinapoongezeka, mpaka kiwango fulani. Lakini watu hao wamefika huko kwa miaka, wakiongeza kidogo kidogo, huku wakila na kulala vya kutosha. Sisi tuangalie sahani zetu. Kipimo kinachotumika kupanga chakula cha wakimbizi ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na hicho ni kwa mtu wa shughuli nyepesi. Sote tunajua pia kwamba tangu mwaka 2020 mgao umepunguzwa zaidi ya mara moja. Misuli haijengwi wakati wa kuinua. Hujengwa baadaye, unapokula na kulala. Ukiinua saa mbili kila siku kwa uji na maharage kidogo, unabomoa nyumba usiyo na matofali ya kuijenga upya.

Tena kuna kazi ambayo hatuihesabu. Jerikeni ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa kilo 20 na zaidi kidogo. Dada aliyekwenda bombani mara tatu leo amebeba zaidi ya kilo 60, na hakuna aliyempigia makofi. Kijana aliyeshinda akifyatua matofali au akipakua magunia sokoni amekwisha kuinua vyuma vya siku hiyo. Akienda tena jioni kuongeza seti 10 anajidanganya. Hesabu kazi yako kwanza, ndipo uhesabu vyuma.

Basi tufanyeje? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi kwa wiki, pamoja na dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani, kama kutembea haraka. Kutembea kwenda shambani na kuchota maji humo humo. Mimi mwenyewe ninafuata utaratibu huu:

Kwanza, ninainua siku tatu tu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, ili misuli ipate angalau siku moja ya kupumzika katikati.

Pili, anayeanza au anayerudi baada ya kuugua afanye seti 2 za mara 8 hadi 12 kwa kila zoezi, na mazoezi manne au matano yanatosha. Acha ukiwa bado unaweza kuinua mara mbili zaidi.

Tatu, ongeza kitu kimoja tu kwa wiki: ama mara chache, ama seti moja, ama uzito kidogo. Usiongeze vyote kwa pamoja.

Nne, ujue uzito unaoinua. Kopo la mafuta la lita 4 likijazwa zege hufikia kilo 9 hivi. Pima pande zote mbili zilingane, na uhakikishe makopo hayachomoki, maana bomba lililoinama upande mmoja huumiza bega na mgongo.

Tano, fanya asubuhi au jioni, kunywa maji, na ukiwa na homa usiguse chuma kabisa mpaka upone na kupata nguvu.

Sita, andika kwenye daftari. Daftari halikutanii wala halikushindanishi na mtu.

Utaratibu huu hauna sifa uwanjani, nakubali. Hakuna atakayekushangilia kwa kuacha kwenye mara ya 10. Lakini mtazame Cyrille Tchatchet, mzaliwa wa Kameruni. Mwaka 2014 alikwenda Glasgow kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, na hakurudi kwao. Alilala chini ya daraja mjini Brighton, na alipokata tamaa ya kuishi alipiga simu kuomba msaada. Baadaye alipata hifadhi Uingereza, akasomea uuguzi wa afya ya akili huku akiendelea kuinua vyuma. Mwaka 2021 alishindana Tokyo katika Timu ya Olimpiki ya Wakimbizi, uzito wa kilo 96, akashika nafasi ya 10. Kati ya daraja lile na Tokyo ilipita miaka saba. Hakufika kwa mashindano ya jioni moja, na aliposhindwa kuubeba mzigo peke yake hakuona aibu kusema.

Ndugu zangu, hilo la aibu nalitilia mkazo. Ukiona mkojo wa rangi ya chai au kola, misuli imevimba na inauma kupita kawaida, au viungo vimekosa nguvu baada ya mazoezi, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo na useme wazi ulichofanya. Mkojo mweusi unaweza kuwa pia dalili ya malaria kali, kwa hiyo kwa vyovyote vile si wa kusubiri. Nanyi mnaosimama pembeni mkihesabu, mwenzenu akiweka chuma chini msimcheke. Mpeni maji.

Haba na haba hujaza kibaba. Tuonane uwanjani Jumatatu jioni, na anayetaka kuanza aje na daftari lake.