Tai Si Kipimo cha Unadhifu

Imani iliyoenea katika ofisi za Afrika Mashariki, kuanzia kwenye kaunta za benki hadi kwenye vyumba vya usaili, ni kwamba mwanamume aliyevaa suti na tai ndiye nadhifu, na kwamba nadhifu huyo ndiye pia makini, mwaminifu na mjuzi wa kazi yake. Imani hiyo inastahili kupingwa waziwazi, kwa kuwa inafungamanisha mambo mawili yasiyo na undugu: unadhifu, yaani hali ya mwili na mavazi kuwa safi na kuifaa kazi inayofanywa, na daraja, yaani nafasi ya mtu katika ngazi za jamii. La kwanza ni haki ya kila anayehudumiwa. La pili halimhusu hata kidogo.

Kuipinga imani hiyo si kudai kwamba mavazi ni jambo dogo, maana watu wa Pwani wameujua uzito wake tangu zamani. Kule Unguja, kabla ya utumwa kuondolewa kisheria mwaka 1897, watumwa wengi walivaa kaniki, yaani kitambaa hafifu cha pamba chenye rangi nyeusi au buluu iliyokoza, au merikani, kitambaa kisichopaushwa kilicholetwa na wafanyabiashara kutoka Marekani. Walipokuwa huru, wanawake walijifunga kanga za rangi na baadaye wakavaa buibui, nao wanaume wakavaa kanzu na kofia, ili kila awaonaye ajue kwamba hawana bwana tena. Aliyetoka katika kaniki hakuwa mpuuzi alipoijali nguo yake, na anayemcheka mfanyakazi wa leo kwa kujitengeneza kabla ya kwenda kazini hajaielewa historia hiyo.

Hata hivyo, historia hiyohiyo inaonyesha jinsi nguo inavyogeuzwa kuwa alama ya cheo. Ukoloni uliichukua kanzu, vazi la heshima la mwungwana, ukamvika mtumishi wa nyumbani anayeandaa meza ya Mzungu. Askari na matarishi wakapewa kaptura hata wakiwa watu wazima wenye watoto, na suti ikabaki kwa bwana. Uhuru ulipokuja, ofisi zilirithi viti, mafaili na kipimo hicho cha mavazi. Ndiyo maana Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, aliweza kutamka kwamba Kaunda suti, yaani suti inayovaliwa bila tai, haikubaliki bungeni, ilhali Rais wa nchi hiyo, William Ruto, alikuwa akiivaa katika shughuli za kitaifa. Vazi hilo halikuwa chafu wala halikukosa staha. Lilichokosa ni tai, na kwa kipimo kilichorithiwa hilo lilitosha.

Hakuna mahali ambapo hatari ya kuchanganya usafi na daraja imeonekana kwa uchungu kuliko katika tiba. Mwaka 1847, katika Hospitali Kuu ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis alitambua kwamba wanawake waliozalishwa na madaktari na wanafunzi waliotoka kupasua maiti walikufa kwa homa ya uzazi, yaani ambukizo linalompata mama baada ya kujifungua, kwa wingi kuliko wale waliohudumiwa na wakunga. Aprili ya mwaka huo, katika wodi ya madaktari, walikufa zaidi ya akina mama 18 kati ya kila 100. Baada ya madaktari kuamriwa wanawe mikono kwa maji yenye klorini, kufikia Juni walikufa takriban 2 tu. Wakubwa wengi wa taaluma hiyo hawakukubali, na kule Philadelphia daktari Charles Meigs, aliyepinga wazo kwamba daktari anaweza kueneza homa hiyo, alishikilia kwamba madaktari ni waungwana na mikono ya mwungwana ni safi. Katika hoja hiyo cheo kilichukua nafasi ya sabuni, na akina mama wakalipa kwa uhai wao. Uingereza yenyewe, nchi iliyowafunza wengine kufunga tai, ilitangaza mwaka 2007 mwongozo wa kuwataka wahudumu wa hospitali za England waache mikono wazi kuanzia kwenye viwiko, bila saa wala mikono mirefu ya shati, na waepuke tai wanapomhudumia mgonjwa, kwa sababu tai hufuliwa kwa nadra na huning'inia juu ya kitanda chake.

Japani nayo, kuanzia mwaka 2005, iliwahimiza watumishi wa ofisini kuvua koti na tai wakati wa kiangazi ili viyoyozi viwekwe kwenye nyuzi 28 na matumizi ya umeme yapungue, wala sifa yake ya uchapakazi haikuporomoka. Dar es Salaam na Mombasa, ambako joto hupita nyuzi 30 kwa miezi kadhaa, viyoyozi vya ofisi za umma hushushwa ili suti zivalike, na gharama yake humwangukia mlipakodi anayetokwa na jasho kwenye foleni ya nje.

Waajiri wanaomkataa kijana aliyekuja kwenye usaili na shati safi lililopigwa pasi, wakamchukua aliyeazima koti la mjomba wake, wanapima uwezo wa kuazima. Waajiri haohao huwadai mfanya usafi na mpishi wawe nadhifu mahali pasipo na bafu, kabati wala maji ya uhakika. Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humwajibisha mwajiri kumpatia mfanyakazi vifaa kinga, yaani glavu, buti, barakoa na vinginevyo vya kumkinga na madhara ya kazi. Msingi huohuo unapaswa kufikishwa kwenye sare: anayeidai ainunue, atoe ya kubadilisha, aweke sabuni na chumba cha kuvalia, na asikate hata shilingi moja kwenye mshahara wa anayeivaa.