Miezi 24 haitoshi Makutupora

Na Neema Chiwanga

Ukifika msimu wa matangazo ya ufadhili wa utafiti, vijana wetu wenye shahada za mazingira hawalali. Andiko, barua za wadhamini, bajeti kwa dola, na mwisho sharti lile lile: kazi ianze na kuisha ndani ya miezi 24, tena itoe makala. Anayepata anapongezwa, na anastahili. Mimi nina ugomvi na hiyo miezi 24, na chanzo chake ni visima vya Makutupora.

Wengi wanaijua Makutupora kwa kambi ya JKT na zabibu. Lakini maji ya Dodoma mjini kwa miaka mingi yametoka huko, chini ya ardhi, kaskazini mwa jiji. Tangu miaka ya 1950 kina cha maji kwenye visima vile kimekuwa kikipimwa: mtu anashusha utepe, ncha inagusa maji, anasoma namba, anaandika. Ni kazi ya juani, haina sifa wala cheo. Wizara imebadilishwa jina mara kadhaa, mpimaji mmoja akastaafu akaja mwingine, na daftari likazidi kujaa.

Mwaka 2013 Richard Taylor wa University College London na wenzake, wakiwemo Lister Kongola, Emmanuel Nahozya na Hosea Sanga, walichapisha katika jarida la Nature Climate Change yale yaliyoonekana kwenye kumbukumbu hizo za miaka 55. Mvua yetu ya kawaida, milimita 550 hivi kwa mwaka, hairudishi maji mengi ardhini. Inalowesha uwele, nyingine jua linaichukua. Kina kinashuka mwaka baada ya mwaka, mpaka uje msimu wa mvua za kupindukia kama za El Niño ya 1997/98. Hapo ndipo akiba inajaa, kisha inaanza kushuka upya.

Sasa mlete kijana wako wa miezi 24. Akiangukia miaka mikavu, ataandika kwamba maji yanakwisha. Mwenzake aliyeangukia mwaka wa mafuriko ataandika kwamba mambo ni shwari. Wote wamepima vizuri, na wote wawili watawapotosha DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, wanaopanga maji ya jiji ambalo serikali nzima imehamia.

Kondoa ni hivyo hivyo. HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ilianza 1973 kwa msaada wa Sweden, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililomomonyoka. Aliyefika miaka miwili baadaye aliona makorongo na wafugaji wenye hasira. Uoto uliporudi, mradi wake ungekuwa umefungwa zamani. Walioielewa Irangi, hivyo vilima vya Kondoa, ni waliorudi na kurudi, kama Idris Kikula, ambaye baadaye akawa makamu mkuu wa chuo wa kwanza wa UDOM.

Wafadhili wa nje siwalaumu sana. FLAIR, mpango wa Royal Society na Akademia ya Sayansi ya Afrika, ulitoa miaka miwili, na miaka miwili hiyo imewainua wengi. Ila mwaka 2021 Uingereza ilipopunguza misaada, mfuko uliokuwa ukiilipia FLAIR nao ulipitiwa na panga. Huwezi kupanga kipimo cha miaka 50 kwa hisani ya bajeti ya London.

COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, inao mfuko wake, MTUSATE. Utenge nafasi chache za miaka saba, kila moja ifungamanishwe na mahali: visima vya Makutupora, vilima vya Irangi, mbuga ya Bahi. Kijana alipwe mshahara, si posho ya safari, na kila mwaka awasomee matokeo watu wa kijiji kwa Kiswahili. Nafasi zitakuwa chache, ndiyo, na watakaokosa watanuna. Afadhali watano wanaobaki kuliko hamsini wanaopita. Vyuo navyo vikubali kumpandisha cheo mtu kwa takwimu alizotunza vizuri, maana leo anayehesabiwa makala tu atakimbia kisima kabla ya mvua kubwa kufika.

Bunge la bajeti linakaa hapa hapa Dodoma, Aprili hadi Juni. Waheshimiwa wanaoga maji ya jiji hili. Mmoja wao aiulize wizara ni nani anashusha utepe Makutupora mwaka huu, na analipwa kutoka fungu gani.