Okidi Inayonukia: Ua la Mwenye Subira

Je, umewahi kupewa ua zuri, ukaliinamia ulinuse, nalo lisikupe harufu yoyote? Ndivyo zilivyo okidi nyingi kubwa nyeupe zinazopamba harusi na ofisi za mijini. Zinapendeza macho, nazo hudumu miezi miwili au zaidi, lakini pua haipati kitu. Mwezi huu tungependa kuzungumza juu ya ndugu zake zinazonukia. Kuzikusanya na kuzitunza ni burudani inayomfaa hata mama mwenye shughuli nyingi, mradi awe na subira.

JINA NA ASILI YAKE

Wataalamu huziita okidi hizi Phalaenopsis, jina lililotolewa na Blume mwaka 1825. Maana yake ni "kama nondo", kwa sababu maua yake yakijipanga kwenye kikonyo huonekana kama nondo waliotandaza mabawa. Indonesia, moja ya hizo nyeupe huitwa okidi ya mwezi, nayo ni mojawapo ya maua matatu ya taifa.

Asili yake kubwa ni misitu yenye joto ya Ufilipino, Indonesia na Malaysia. Huko haziti mizizi ardhini, bali hushikilia magamba ya miti. Msidhani kwamba zinaunyonya mti. Zinakaa juu yake tu, zikipata maji ya mvua na hewa nyingi kwenye mizizi. Mkikumbuka jambo hilo moja, nusu ya kazi ya kuzitunza mmekwisha kuielewa.

Kwa nini basi nyingi hazinukii? Huko Uingereza, chotara wa kwanza aliyezalishwa kwa mkono wa mtu katika kundi hili alichanua mwaka 1886, katika bustani za biashara za akina Veitch. Tangu hapo wakulima wengi wamechagua ukubwa wa ua, umbo la mviringo na kudumu kwa muda mrefu. Harufu haikupewa nafasi ya mbele.

TATU ZA KUANZIA

Ya kwanza ni Phalaenopsis bellina, kutoka kisiwa cha Borneo. Maua yake si makubwa, ni ya kijani hafifu yenye zambarau katikati, na harufu yake ni tamu yenye dalili ya limau. Hunukia mchana, hasa kukiwa na mwanga na joto, na usiku hufifia.

Ya pili ni Phalaenopsis violacea ya Rasi ya Malay na Sumatra. Hii na bellina zilihesabiwa kuwa kitu kimoja hadi mwaka 1995 zilipotenganishwa. Harufu yake huwakumbusha wengi viungo vya pilau.

Ya tatu ni Phalaenopsis schilleriana ya Ufilipino, iliyopewa jina la Schiller, mkusanyaji wa okidi wa Hamburg. Majani yake yana mabaka ya rangi ya fedha, maua yake ni ya waridi, na harufu yake pia hukaribia ile ya waridi. Mmea ukikomaa hutoa maua mengi kwa wakati mmoja.

Wapo pia machotara wengi waliotokana na hizi. Ukiambiwa na muuzaji kwamba mmea wake unanukia, uombe kuuona ukiwa umechanua, na uunuse asubuhi kabla ya kutoa fedha.

MAJI KWA KIPIMO

Sisi tulio wauguzi tunajua kwamba dawa ikizidi kipimo huwa sumu. Maji kwa okidi ni vivyo hivyo. Nyingi za majumbani hazifi kwa kiu. Hufa kwa kumwagiliwa kila siku na mtu anayezipenda.

Usipande okidi hii katika udongo, maana mizizi itaoza. Tumia vipande vya magamba ya mti pamoja na mkaa kidogo, au makumbi ya nazi. Makumbi yaloweke siku kadhaa huku ukibadilisha maji, ili chumvi itoke. Chungu kiwe na matundu ya kutosha.

Kabla ya kumwagilia, tazama mizizi. Ikiwa ya kijani, bado ina maji. Ikiwa na rangi ya fedha, ina kiu. Katika nyumba nyingi hiyo huwa mara moja kwa wiki, au zaidi kidogo wakati wa joto kali. Mwagilia asubuhi, na maji yakituama katikati ya majani yafute kwa kitambaa safi, kwani moyo wa mmea ukioza ni vigumu kuuokoa. Mbolea iwe nyepesi, robo ya kipimo kilichoandikwa.

Weka chungu kwenye dirisha linalopata jua la asubuhi, si jua kali la adhuhuri. Bellina na violacea hupenda usiku usioshuka chini ya nyuzi 18. Mombasa na Dar es Salaam zitastawi kwenye baraza yenye kivuli. Nairobi mwezi wa Julai zikae ndani, mbali na dirisha lenye baridi. Schilleriana huhitaji ubaridi kidogo wa usiku ndipo itoe kikonyo.

Tena, usikate kikonyo cha bellina au violacea kingali kijani. Hutoa ua moja au mawili kwa zamu, hupumzika, kisha huendelea palepale. Ukilazimika kukata, pitisha wembe motoni kwanza. Virusi vya okidi huhama kwa wembe kutoka mmea hadi mmea. Kama tusivyotumia sindano moja kwa wagonjwa wawili, tusitumie wembe mmoja bila kuusafisha.

Na neno moja kwa wanaotunza wagonjwa nyumbani: harufu ya maua haimfai kila mtu. Mwenye pumu au kichefuchefu aulizwe kwanza.

MSITU USILIPE GHARAMA

Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, na haina akiba ya chakula. Porini hulishwa na kuvu. Mwaka 1922 Lewis Knudson wa Marekani alionyesha kwamba mbegu hizo huweza kuoteshwa ndani ya chupa, juu ya sukari na madini, bila kuvu. Leo vitalu vya Taiwan na Uholanzi huzalisha miche kwa wingi mno, na hakuna sababu ya kung'oa hata mmoja msituni. Okidi zote zimo katika mkataba wa CITES, ulioanza kutumika mwaka 1975, unaosimamia biashara ya viumbe vya porini baina ya nchi. Muulize muuzaji mmea umetoka kitalu gani.

Hata pwani yetu ya Kenya na Tanzania ina okidi yake inayonukia, Angraecum eburneum, aina iliyopewa jina la Wagiriama. Hiyo hunukia usiku ili kuwaita nondo. Ukiikuta juu ya mti au mwamba, inuse, ifurahie, uiache. Ikibandukwa hapo, mara nyingi hufa mikononi mwa aliyeichukua, na msitu umeipoteza.

Anza na mche mmoja, akina mama wenzetu. Mche mdogo waweza kukuweka miaka miwili au mitatu kabla ya ua la kwanza, na pengine litakuwa moja tu, dogo kuliko ulivyotarajia. Lakini siku hiyo nyumba nzima itauliza harufu hiyo inatoka wapi. Subira huvuta heri. Hadi mwezi ujao, kwaherini.