Pale Daktari Anaposema "Hatujaona Kitu"

Ipo sentensi itamkwayo kila siku katika vyumba vya madaktari, tena kwa nia njema: "Vipimo havijaonyesha kitu." Tabibu aitamkaye ana maana finyu. Damu haina vimelea, mkojo ni safi, picha ya kifua haina kasoro. Lakini familia iliyoamka alfajiri ikapanda gari kutoka Bujora, kule Kisesa, hadi hospitali ya jijini Mwanza husikia jambo jingine kabisa, kwamba ugonjwa huu si wa hospitali. Na ugonjwa usio wa hospitali una pengine pa kupelekwa, na aghalabu una mtu anayesemekana kuuleta.

Usukuma unajua safari hiyo yaweza kuishia wapi. Kwa miongo kadhaa mikoa ya Mwanza na Shinyanga imezika wazee, wengi wao wanawake, waliouawa kwa kutuhumiwa uchawi. Macho mekundu yalihesabiwa kuwa ushahidi, ilhali muuguzi yeyote anajua jinsi yanavyokuwa macho ya bibi aliyepika kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe kwa miaka hamsini katika jiko lisilo na dirisha. Sheria ya uchawi ipo tangu mwaka 1928. Januari 2015, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Amri na sheria hizo humfuata mpiga ramli na muuaji. Hakuna inayoigusa sentensi ya daktari, wala haiwezi kuigusa. Hiyo ni kazi ya elimu.

Elimu yenyewe ipo, na majina yake ni sosholojia, anthropolojia na ustawi wa jamii. Tatizo ni jinsi inavyopokewa. Katika mafunzo ya tiba masomo haya mara nyingi hupewa saa chache, na wanafunzi wengi huyachukulia kama mapumziko baina ya anatomia na biokemia. Ni kosa, na gharama yake hulipwa na mgonjwa.

Mwaka 1937 mwanaanthropolojia Mwingereza E. E. Evans-Pritchard alichapisha kitabu juu ya Wazande wa kusini mwa Sudan. Humo alieleza habari za ghala la nafaka linaloanguka na kuwaumiza watu waliojipumzisha kivulini mwake. Wazande walijua vyema kwamba mchwa huzila nguzo. Walichouliza ni kwa nini ghala lianguke saa ileile ambayo watu wale, si wengine, wamekaa chini yake. Ni maswali mawili tofauti, na sayansi hujibu la kwanza tu. Mama wa Kisesa ajuaye fika kwamba mbu huleta malaria, na ambaye bado anauliza kwa nini aliyepatwa ni mwanawe na si mtoto wa jirani, hana ujinga wowote. Anauliza swali la pili. Tabibu asiyefundishwa kwamba swali hilo lipo hurudia habari za mbu kwa sauti ya juu zaidi, kisha hushangaa kwa nini haeleweki.

Chukua mfano wa mwanamke wa vijiji vya kandokando ya ziwa, aliyechota maji na kufua ziwani tangu utotoni. Anatokwa damu baada ya tendo la ndoa, na ana miaka minne hajapata mimba. Kipimo cha mkojo hakionyeshi mayai ya kichocho. Hapo ndipo sentensi ile hutamkwa, na hapo hasa ndipo ilipo na kosa la kitabibu pia, kwa maana kichocho cha via vya uzazi chaweza kumdhuru mwanamke hata kama mkojo wake hauna yai hata moja. Anarudi nyumbani na karatasi tupu. Mume atasema ni zinaa, na mawifi watasema ni mkono wa mtu. Ndoa inaweza kuvunjika kabla dawa ya prazikwanteli haijafikiriwa. Laiti aliyempokea angalimwuliza maji ya nyumbani hutoka wapi na nyumbani wanasemaje kuhusu ugonjwa huu, angalipata historia ya ugonjwa na hatari inayomkabili mgonjwa kwa wakati mmoja.

Anayetaka kuona swali la pili likiwa limewekwa wazi na aende Bujora kwenyewe. Makumbusho ya Wasukuma, ambayo Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliyafungua mwaka 1968, yanatunza ngoma na vifaa vya watemi, na moja ya majengo yake limepewa umbo la kiti cha utemi. Wageni wengi hupenda ngoma za wazi na nyoka. Wachache huuliza habari za Bagika na Bagalu. Makundi hayo mawili ya wachezaji hujinasibisha na Ngika na Gumha, ambao simulizi huwataja kuwa waganga waliokuwa wakishindana, na hadi leo mashindano huambatana na dawa za kuvuta watazamaji. Kwa hiyo hata uwanjani, penye furaha, kushinda kuna sababu iliyo nje ya ufundi wa miguu. Mtu aliyelelewa hivyo hawezi kuingia hospitalini akaamini ghafla kwamba mambo hutokea tu. Mwanafunzi wa udaktari aliyetembea Bujora kwa nusu siku na kuuliza maswali ya namna hii amejifunza jambo litakalomfaa wodini zaidi ya mihadhara kadhaa.

Wapo wanaokumbusha kwamba anthropolojia ilikuja na mkoloni. Ni kweli. Hans Cory, aliyeandika juu ya sheria na mila za Wasukuma, alikuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, na maarifa yake yalitakiwa kwa ajili ya kutawala. Lakini stethoskopu nayo ilikuja na meli zilezile, na hakuna aliyependekeza itupwe. Pingamizi zito zaidi ni la muda. Benchi lina wagonjwa sitini, na muuguzi ni mmoja. Mwenye kupuuza hilo hajawahi kufanya kazi kliniki ya Jumatatu.

Hata hivyo, kutoijua jamii nako kuna gharama yake, na Mwanza imekwisha kuiona. Mradi wa MEMA kwa Vijana, ulioanza mwaka 1999 katika jumuiya 20 za mkoa huu, ulifundisha vijana mashuleni na kuboresha huduma zao vituoni. Maarifa yao yalipanda, na mitazamo ikabadilika. Maambukizi ya VVU hayakupungua. Watafiti walioishi vijijini pamoja na wenyeji, wakilima na kuchota maji nao, ndio waliosaidia kueleza sababu: zawadi na fedha katika mapenzi, uwezo mdogo wa msichana kukataa, na tofauti kubwa baina ya kile kijana anachomjibu mdodosaji na kile anachokitenda. Dodoso peke yake lisingefika huko.

Haihitajiki kila daktari awe mwanaanthropolojia. Arthur Kleinman, mtaalamu wa magonjwa ya akili na mwanaanthropolojia wa Marekani, alipendekeza tangu miaka ya 1970 maswali machache tu ya kumwuliza mgonjwa: tatizo lako unaliitaje, kwa nini unadhani lilianza wakati ule lilipoanza, unaogopa nini zaidi. Ni dakika mbili au tatu. Penye hatari ya tuhuma nyumbani, au pasipo na fedha za kulipia vipimo, aitwe Afisa Ustawi wa Jamii. Wagonjwa wengi hudhani kazi yake ni kutia saini fomu ya msamaha tu, na baadhi ya watumishi hudhani vivyo hivyo. Huyo amesomea kuzungumza na ukoo mzima, na mgonjwa ana haki ya kumwomba.

Jiji la Mwanza lina bahati isiyotumika ipasavyo. Bugando, kilimani, wanasoma tiba. Malimbe, katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, wanasoma sosholojia. Wanafunzi hao wapelekwe vijijini wawili wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule, waandike taarifa moja ya familia moja, na taarifa hiyo ipewe alama za kufaulu au kufeli kama ilivyo kwa upasuaji. Somo lisilofelisha huheshimiwa na wachache.

Na siku vipimo vitakapotoka safi, mzee wa familia aambiwe, baada ya salamu ya "mwangaluka" kama ni asubuhi: "Vipimo vya leo havijatuonyesha chanzo. Yako magonjwa ambayo vipimo hivi havivioni, nasi bado tunatafuta. Rudini baada ya wiki mbili. Mkienda kwingine kabla ya hapo, mje mtueleze mlichopewa na mlichoambiwa."