Liyongo Asije Akawa Simba wa Pili

Mwezi wa Juni 2025, huko Beijing, mwanasesere mmoja wa Labubu mwenye kimo cha sentimita 131 aliuzwa mnadani kwa yuan milioni 1.08. Kwa pesa zetu ni karibu shilingi milioni 19. Hakuwa wa dhahabu wala wa pembe. Ni kijitu chenye masikio ya sungura na meno ya msumeno, kilichochorwa na Kasing Lung, msanii aliyezaliwa Hong Kong na kulelewa Uholanzi. Alikitoa kwanza katika vitabu vya picha mwaka 2015, kisha kampuni ya Pop Mart ya China ikakifanyia biashara. Hata kwetu kimeshafika, kinaning'inia kwenye mikoba ya mabinti, na wengi hawajui wala hawajali kama ni halisi au cha bandia.

Ni rahisi kucheka na kusema watu wamekosa la kufanya na pesa zao. Lakini aliyenunua hakulipia plastiki. Alilipia mhusika anayejulikana, idadi iliyowekewa kikomo, na hakika kwamba hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kumtengeneza. Ukiyaondoa hayo matatu, kinachobaki ni kidude cha shilingi mia mbili cha kando ya barabara.

Nayaandika haya kwa sababu ya miji miwili ya bara ambayo vijana wetu wengi huenda kusoma na kutafuta kazi: Thika na Ruiru.

Thika ni mji wa viwanda tangu zamani, hata wakaupa jina la Birmingham ya Kenya. Pana mafuta ya kupikia, mananasi ya kopo na vitambaa. Ruiru, ambayo kwa sensa ya 2019 ilikuwa na watu wapatao 490,000, ina viwanda vya chuma, na pembeni yake panajengwa Tatu City yenye eneo maalumu la kiuchumi. Katikati ya miji hiyo, pale Juja, kuna Chuo Kikuu cha JKUAT. Tangu barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012, ukanda wote huo umekuwa kama mtaa mmoja mrefu wa Nairobi. Chuma kipo, umeme upo, mafundi wapo, wanafunzi wa uhandisi wapo. Ikiwa Kenya itaanza kutengeneza sanamu za wahusika kwa wingi, ukanda huo una kila sababu ya kuwa wa kwanza.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Mchoraji huchora mhusika kutoka mbele, nyuma na ubavuni. Mchongaji humfinyanga kwa udongo au kwenye kompyuta. Sampuli ya kwanza hutolewa kwa printa ya 3D, ikapigwa msasa na kupakwa rangi kwa mkono, kisha mwenye mhusika akaikagua na kutoa kibali. Baada ya hapo njia zinagawanyika mbili. Ya kwanza ni kalibu ya silikoni inayomiminwa rezini. Ni rahisi, lakini baada ya nakala kadhaa huanza kuchakaa. Ya pili ni kalibu ya chuma kwa ajili ya plastiki. Hiyo ni ghali mno kuichonga, ila hutoa maelfu kwa maelfu.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Kalibu ya chuma ikigharimu shilingi milioni moja na ukatoa sanamu 500, kila moja imebeba shilingi 2,000 kabla hujanunua plastiki wala rangi. Ukitoa 20,000, kila moja imebeba shilingi 50. Kwa hiyo kiwanda kitataka wingi, na wingi unataka mhusika ambaye watu wanamjua tayari. Kiwanda kinaweza kununua mashine, lakini mhusika anayejulikana hana budi kumtafuta mahali. Hapo ndipo sisi watu wa pwani tunapoingia, tupende tusipende.

Maana wahusika tunao. Tunaye Fumo Liyongo, jitu la mishale na mashairi, aliyetoroka gerezani na asiyeuawa ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Kisa chenyewe kinasema alikufa amepiga goti kisimani na upinde wake mkononi, watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Hata mchoraji asiyekuwa hodari angeliona umbo hilo. Tunaye Abunuwasi tuliyemchukua kwa Waarabu tukamfanya wetu. Tunaye Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913, na sanamu yake iko Malindi. Na tunayo lugha ambayo dunia nzima imeshaichukulia majina.

Mwaka 1994 Disney walitoa filamu ya The Lion King. Simba ni Kiswahili, Rafiki ni Kiswahili, Pumbaa ni Kiswahili, hata yule fisi Shenzi. Kwa miaka 30 sanamu zao zimeuzwa dunia nzima, na nyingine zinapita Bandari ya Mombasa ndani ya makontena, zikaja kuuzwa kwetu sisi tuliotoa majina. Mwaka huohuo kampuni iliomba kusajili maneno Hakuna Matata kama alama ya biashara ya nguo, ikakubaliwa Marekani mwaka 2003. Watu walipolalamika mwaka 2018, walikuwa wamechelewa miaka 15. Ni kweli kwamba usajili ule haukumzuia mtu kutamka maneno hayo. Lakini pia haukumpa mtu wa Lamu wala wa Kilwa hata senti.

Na kikoi nacho kiliponea chupuchupu. Mwaka 2007 ilijulikana kwamba kampuni moja huko Uingereza inataka kulisajili jina hilo liwe lake. Wakenya na marafiki zao wakapinga, na hatimaye ombi likaachwa. Liliachwa kwa sababu kuna watu walikuwa macho na wakapeleka pingamizi kabla muda haujapita.

Jeraha kubwa zaidi ni vigango. Hizi ni nguzo za ukumbusho ambazo Wamijikenda huwasimamishia wazee wa Gohu waliofariki. Ziling'olewa usiku, zikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, zikaishia majumbani mwa matajiri na kwenye makumbusho ya Marekani, zikiitwa sanaa ya kukusanya. Viwili vilirudishwa mwaka 2007. Mwaka 2023 makumbusho ya jimbo la Illinois yakarudisha 37. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba sanamu za kukusanya ni jambo geni pwani. Tunalijua kwa upande wa kuibiwa.

Upande wa kuuza nao tunaujua, na hapo pia kuna somo. Wachongaji wa Kikamba walianzisha ushirika wao Changamwe mwaka 1963, na mikono yao haina mfano. Lakini twiga ni twiga. Hana jina, hana namba, hana sahihi. Twiga wa huyu akifanana na wa yule, mtalii huchagua wa bei ya chini, na jirani naye hushusha bei. Wakati huohuo mpingo na muhugu vikapungua hadi mafundi wakageukia mwarobaini. Ufundi uliendelea, lakini faida kubwa ikabaki kwa wauzaji wa kati. Kijana wa Ruiru atakayekaa mbele ya printa akichapa wahusika wa watu wengine kwa ujira wa kipande atakuwa amefika palepale pa twiga wa Changamwe, tofauti ni kwamba badala ya tezo ana kompyuta.

Sasa tufanyeje? Sheria ipo. Mwaka 2016 Kenya ilipitisha sheria ya kulinda maarifa asilia na sanaa za kijadi, hadithi zikiwemo. Inazitaka serikali za kaunti ziweke daftari la urithi huo, na inamtaka anayetaka kuutumia kibiashara apate idhini ya jamii kwanza na kukubaliana nayo juu ya mgawo wa faida. Hakimiliki ya kawaida, inayodumu uhai wa msanii na miaka 50 baadaye, haiwezi kumlinda Liyongo. Lakini inamlinda mchoraji wa leo atakayempa sura mpya. Na KIPI husajili umbo la bidhaa kwa miaka mitano mitano hadi 15. Vyombo vyote vitatu viko mezani.

Kwa hiyo kaunti zetu sita zina kazi ya kufanya kabla ya kiwanda chochote cha bara kubisha hodi. Kwanza, Lamu na Tana River wakae pamoja juu ya Liyongo, kwa sababu Waswahili na Wapokomo wote humsimulia, na tukianza kumgombania tutampa mwanya mtu wa tatu. Pili, Kilifi iwashirikishe wazee wa kaya juu ya Mekatilili, na iseme wazi kwamba kigango hakitengenezwi kuwa kitu cha kuchezea, kwa bei yoyote. Tatu, vijana wetu walioko vyuo vya Thika, Juja na Ruiru wajifunze kuchora mikataba kama wanavyojifunza kuchora wahusika. Anayechora kwa mshahara bila mkataba huiacha kalamu na mchoro ofisini.

Najua msomaji mmoja tayari ananiuliza: na hukumu ya masanamu je? Swali ni la haki. Wanazuoni wengi wameruhusu vitu vya kuchezea watoto, kwa hadithi ya Bibi Aisha, na wakawa wakali zaidi kwa sanamu za kupamba na kutukuza. Aliye na shaka amuulize sheikhe wake, siyo mwandishi wa safu. Ila na tukumbuke kwamba si kila kinachokusanywa kina roho. Jahazi dogo lenye tanga lake, mlango wa Lamu wenye nakshi, siwa iliyoko makumbusho ya Lamu: vyote hivi vinaweza kutengenezwa kwa namba maalumu na sahihi ya fundi, na daftari linavihusu vilevile.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya watoto, kaunti zina maji na hospitali za kushughulikia. Sawa. Lakini daftari halihitaji kisima wala daktari. Linahitaji karani, wazee na siku chache za kukaa pamoja. Sheria ina karibu miaka kumi sasa. Msomaji wa Lamu, Kilifi au Kwale akipita ofisi za kaunti wiki hii, aulize swali moja tu: daftari letu la urithi liko wapi, na Liyongo yumo? Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.