Ukuta wa Seli Si Swali la Mtihani Tu

Wapo wenzetu wanaosema kwamba somo la seli ni la kukariri, kujibu na kusahau. Jedwali lenyewe tunalijua sote: upande huu prokarioti, haina kiini, upande ule yukarioti, ina kiini. Ukishapata alama zako, basi. Mimi napinga. Jedwali hilo ndilo linaloeleza kwa nini dawa tunayonunua hapa Kisugu itatibu, au itamaliza pesa bure.

Simama kwenye duka la dawa lolote mtaani usikilize. Mwenye mafua anaomba amoksilini. Mwenye homa anaomba hiyo hiyo. Asiye na pesa ya dozi nzima anakatiwa vidonge vinne kwa mkasi, anaondoka.

Sasa tuitazame seli. Kila seli ina utando unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke. Lakini bakteria wengi, ambao ni prokarioti, wana pia ukuta wa peptidoglikani nje ya utando huo. Amoksilini ni ya jamii ya penisilini, aliyoigundua Alexander Fleming mwaka 1928, na kazi yake ni kuzuia ujenzi wa ukuta huo. Bakteria anayekua huku ukuta wake umelegea huingiwa na maji, akapasuka. Seli zetu zina utando bila ukuta, ndiyo maana dawa inamuua yeye na kutuacha sisi.

Je, virusi vya mafua, ambavyo si seli kabisa, dawa hii itavibomolea ukuta gani? Na plasmodiamu, kimelea cha malaria, ni yukarioti kama sisi: ana kiini, hana ukuta wa peptidoglikani. Anayemeza amoksilini kutibu malaria anajichelewesha tu, na malaria haingoji mtu.

Nitaambiwa kwamba tatizo ni umaskini, si baiolojia. Umaskini upo, sikatai. Lakini ni maskini huyo huyo anayeumia zaidi shilingi zake zinapokwenda kwenye dawa isiyomfaa. Hata penye bakteria wenyewe, dozi pungufu huua walio dhaifu na kuwaacha wagumu, na baadhi yao hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja penisilini kabla haijafanya kazi. Fleming mwenyewe alionya juu ya dozi pungufu mwaka 1945, alipopokea Tuzo ya Nobeli.

Kwa hiyo, walimu wetu, msituulize tofauti tano za seli mkaishia hapo. Tuulizeni pia kwa nini amoksilini haitibu mafua. Nasi wanafunzi tuwaeleze majirani jibu hilo, kwa Kiswahili na kwa Kiganda. Elimu isiyovuka lango la chuo haijamfaa aliyeilipia karo.